Ruhusa Iliyochelewa Kufika Mikumi

Niliondoka Mamboya katikati ya masika kwa sababu mdogo wangu Yoeli alikuwa amelazwa Mikumi, na alikataa dawa mpaka mimi nifike. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Wengi mmeniuliza kanisani na kisimani, na kila mmoja nimemjibu nusu, maana habari hii ukiisema nzima koo linakauka. Sasa naiandika. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa mwalimu Stefano, na mkono wangu ni mzito, lakini majina na njia sijavisahau.

Yoeli ni kitinda mimba wa marehemu mama yetu Raheli. Alikwenda Mikumi akiwa kijana, akawa fundi pancha kando ya barabara kuu, anaziba matairi ya malori yanayokwenda Zambia. Akamwoa Mwanaidi binti Saidi, mwenyeji wa Kilosa, wakakaa kwa amani. Kisha kisukari kikamwingia. Wenye kisukari mnajua, miguu hufa ganzi. Alikanyaga kipande cha waya asikisikie, akashinda nacho ndani ya kiatu, na alipokuja kuvua, kidonda kilikuwa kimeshajichimbia.

Hospitali walimwambia ana bahati. Palikuwa na daktari wa kike, jina lake Anitha, ambaye yeye na wenzake walikuwa wanajaribu dawa mpya ya vidonda. Si ya kunywa wala ya kupaka. Ni ngozi ya samaki iliyosafishwa mpaka ikabaki utando tu, inalazwa juu ya kidonda na nyama inaota humo. Ila kwa kuwa ni jambo la kujaribiwa, hawamwekei mtu mpaka akubali mwenyewe. Na Yoeli akasema hawezi kukubali peke yake.

Hapa niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Sisi Wakaguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mwili wa mwanamume si wa mkewe wala wa watoto wake, ni wa tumbo alilotoka. Akitaka kupasuliwa, au kutiwa kitu kigeni mwilini, dada yake mkubwa ndiye anayemruhusu. Dada anakoroga unga wa mtama na maji, anayatia kinywani, anampulizia kifuani na kumwambia: nenda, tumekuachia. Mchungaji anajua, na hutazama pembeni. Mjomba Danieli alipopasuliwa ngiri, mama alimpulizia hivyo hivyo mlangoni pa hospitali, na manesi wakangoja.

Nilimpigia simu siku ile ile niliyosikia.

"Yoeli, kubali. Nimekuruhusu, nasema kwa kinywa changu."

"Dada, simu haina mate."

"Acha mzaha, mtu mzima wewe."

"Sifanyi mzaha. Mama angeridhika na ruhusa ya simu? Njoo. Nitakungoja, kidonda hakina mbio."

Alikosea hapo, na ni kosa la mtu mwenye adabu.

Asubuhi, Mamboya. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima na kanisa la zamani halionekani ila paa. Nilifunga unga wangu kwenye kitambaa, nikaweka na kanga ya pili. Amosi wa Mama Tabitha alinishusha kwa pikipiki hadi barabara kuu, polepole, maana udongo ulikuwa unateleza kama mlenda. Njia nzima alikuwa ananiambia, "Bibi, nishike kiuno, usione haya." Nikamwambia nimewashika wanaume wanne viuno katika kuwapakaza dawa ya kiuno, na wote ni marehemu. Akaendesha.

Hapo nikapata gari, na Dumila nilifika jua limetoka. Pale njia panda ni kelele za mahindi ya kuchoma, vitunguu na nyanya. Salome binti Elia, ambaye mama yake nilimzalisha mimi, alinikalisha kwenye benchi la genge lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Salome. Unanenepa."

"Nanenepa kwa shida. Unakwenda wapi na mvua hii?"

Nilipomwambia, alinishauri nizungukie Morogoro kwa lami. Mimi nikaona kupitia Kilosa ni karibu zaidi, na njia ile naijua, nimeshaipita mara nyingi kumtembelea Yoeli. Basi la Kilosa lilikuwa limeshawasha moto. Nikapanda.

Njia ya Kilosa siku ile ilikuwa nzuri kuitazama. Tulipita Msowero, mpunga umesimama kijani hadi macho yanachoka. Baada ya Rudewa yakaja makonge, mistari kwa mistari, mengine yameachwa yamezeeka. Mbele kidogo basi lilisimama kupisha ng'ombe wa wafugaji, weupe na wekundu, wakivuka bila haraka. Abiria mmoja akasema kwa uchungu kwamba ng'ombe wale wamekula choroko yake. Mwingine akamwambia ashukuru, hawakumla yeye. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza kidonda.

Mchana, Kilosa. Nilishuka kwenye manyunyu na habari niliyopokewa nayo ni kwamba maji yamekata barabara ya Mikumi. Mto Mkondoa ulikuwa umefura, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo na mabua. Nikataka nirudi Dumila nikazungukie kule alikonishauri Salome. Kufika stendi nikaambiwa huko nyuma nako maji yamepita juu ya lami, hakuna gari linalotoka wala kuingia. Nikasimama pale stendi na unga wangu kifuani.

Aliyenipokea ni Bi Zuhura binti Mrisho, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuvuna pamba. Ni Mwislamu, mimi Mkristo, na hilo halijawahi kutufanya tule vyungu viwili. Nilikaa kwake siku kadhaa, mvua haipungui. Kila asubuhi nampigia Mwanaidi, na kila asubuhi majibu yake yanapungua maneno.

"Wifi, daktari anauliza."

"Mwambie nipo Kilosa."

"Nilimwambia jana."

"Mpe Yoeli simu."

Yoeli anakuja, sauti imekauka kwa homa. "Shikamoo dada. Maji yamepungua?"

"Kubali, Yoeli. Nakuomba. Lawama ya mama itakuwa juu yangu, si juu yako."

"Umeshafika Kilosa. Kilosa na hapa ni pua na mdomo."

Bi Zuhura alikuwa anasonga ugali, akasikia yote. Simu ilipokatika akasema, "Ndugu yako anakuheshimu sana."

"Ananiheshimu."

"Mungu amwepushe na heshima hiyo." Akageuza mwiko.

Maji yalipoanza kurudi mtoni, Bi Zuhura alinitafutia gari. Lilikuwa pikapu la Msukuma mmoja, Shija, mrefu, ana shuka la mistari begani na dumu la maziwa miguuni. Aliniweka mbele karibu na dereva, yeye akabanana mlangoni.

Njia ya Kilosa hadi Mikumi ilikuwa matope na mashimo. Tulipita kijiji kiitwacho Ulaya mvua imepumzika, watu wanatoa magodoro juani. Kuna mahali tulishuka wote, vijana wakasukuma gari, mimi nikazunguka kwa miguu pembeni nimeshikwa mkono na Shija. Tukaanza kuzungumza.

"Bibi, ninyi Wakaguru mnatusema vibaya. Kwamba ng'ombe wetu wanakula mahindi yenu."

"Wanakula."

"Na ninyi mnakunywa maziwa yetu."

"Tunanunua. Mahindi yetu ng'ombe wako analipa?"

Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaniambia anakwenda hospitali ile ile niendayo mimi. Mwanawe Masanja alimwagikiwa na uji wa moto paja zima. Amewekewa ile ngozi ya samaki.

Nikamuuliza, "Nani alikuruhusu?"

"Nani aniruhusu? Baba yangu yuko Bariadi. Ningemngoja baba, mtoto angekuwa amebaki kovu. Daktari aliniuliza, nikasema weka."

Nilitembea nikitazama matope. Kwao mtoto ni wa baba, na baba alikuwepo. Kwetu mwenye neno alikuwa kwenye pikapu.

Alasiri, Mikumi. Malori yamepanga foleni ndefu kando ya lami. Tulipita pale Yoeli anapofanyia kazi, nikaona matairi yake yamerundikwa na turubai limetandazwa juu. Hapakuwa na mtu.

Mwanaidi alikuwa amekaa nje ya wodi, kwenye ngazi. Aliinuka taratibu.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Yu hali gani?"

Alitazama mfuko wangu. "Umekuja na unga?"

"Nimekuja nao."

"Mimi nimemwosha, nimemlisha, nimemfunga vitambaa. Nimelala naye miaka yote hiyo. Lakini neno moja la kusema ndiyo, sikupewa kinywa. Karibu, wifi. Ingia, anakungoja."

Nikaingia.

Yoeli alikuwa mdogo kitandani. Harufu ilinipokea kabla yake. Akajaribu kuketi ili aniamkie vizuri, nikamzuia kwa mkono, naye akanisalimu amelala. Hapo hapo nikaanza kufungua kitambaa changu. Daktari Anitha akaja, msichana mwembamba, ameinama kidogo kama anayeingia nyumba ya chini.

"Shikamoo bibi. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Nimefika. Leta hiyo ngozi ya samaki, namruhusu sasa hivi."

Alinishika mkono, akanitoa hadi dirishani. Alizungumza taratibu, Kiswahili cha kueleweka.

"Bibi, ile ngozi haiponyi kwa miujiza. Tumeiosha mpaka samaki ameondoka, umebaki wavu tu, mwembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ndani ya wavu kuna dawa inayotoka kidogo kidogo kuwazuia wadudu. Na nyama ya mtu, ikiwa bado hai, inapanda kwenye wavu ule kama kunde zinavyopanda mti. Ikishapanda, wavu unayeyuka wenyewe. Lakini kunde lazima ziwe na udongo. Kwa baba huyu, usaha umeshaingia kwenye mfupa. Tangu jana picha imetuonyesha. Hapana udongo tena."

"Na mfupa? Hamna kitu cha mfupa?"

"Kuna watu wanatengeneza. Unga kama saruji, unajazwa palipooza, mfupa unajijenga juu yake. Wengine wanachapa mfupa kwa mashine, kama karatasi inavyochapwa, tabaka juu ya tabaka. Nimesoma habari zake, nimeona picha. Hapa kwetu haujafika. Na hata ungefika, usaha wake umekimbilia juu. Tusipokata mguu, tutampoteza mwenyewe."

Nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa tangu Kilosa. "Siku ya kwanza alipofika, ungeweza?"

Daktari angeweza kunidanganya, nami ningempenda kwa hilo. Akasema, "Kidonda chake kilikuwa kizuri, bibi. Nilikuwa na matumaini nacho."

Kwenye kitanda cha ng'ambo alikuwa amelala Masanja, mtoto wa Shija. Wakati nesi anambadilishia kitambaa nilisogea nikatazama. Sikutaka, miguu ilinipeleka. Paja lile lililoungua lilikuwa limeota nyama changa, ya waridi, laini kama ya mtoto aliyezaliwa leo. Pembeni palibaki vipande vya ule utando, vyembamba, unaona nyama kupitia ndani yake. Mtoto akaniambia, "Bibi, mimi ni samaki." Baba yake akamwambia ajihadhari basi, Wakaguru wanakula samaki. Nikacheka nao. Kisha nikatoka uani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeuona mguu wa Yoeli kama ambavyo ungekuwa.

Niliporudi, Yoeli alikuwa ameshaambiwa. Mwanaidi ameketi miguuni pake, ameushika ule mguu juu ya shuka.

"Dada," akasema, "kazi yangu naijua. Tairi likitoka upepo, simama uzibe. Ukiendelea kuendesha, linakatika, rimu inakula lami. Hapo hata ukileta kiraka cha dhahabu, fundi atakutazama tu."

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nimewafukuza wengi na rimu zao. Nawaambia, mlikuwa mnangoja nini." Kisha akaniuliza, macho yamenikazia kama alipokuwa mtoto. "Lakini nilifanya vizuri kukungoja, au sivyo?"

Mwanaidi aligeuza uso ukutani.

Ndugu zangu, nimeulizwa maswali katika umri huu, na wazee wa ukoo, na polisi, na mchungaji. Hilo la Yoeli ndilo zito kuliko yote. Heshima aliyonipa ndiyo iliyomla mguu. Nikamwambia, "Ulifanya vizuri, mdogo wangu. Mama anajua."

Akatulia. Nikakoroga unga kwenye kikombe cha hospitali. Daktari Anitha alisimama mlangoni, akawaambia manesi wangoje. Lakini kabla ya kuyatia maji kinywani nilimgeukia Mwanaidi.

"Wifi, njoo hapa. Na wewe chukua."

"Mimi si wa ukoo wenu."

"Najua wewe ni wa wapi. Chukua."

Hakuwahi kufanya, hata kushika hakujua, mengine yakamdondoka kidevuni. Tulimpulizia wote wawili, mimi kifuani, yeye kwenye goti. Nikasema maneno ya mama: nenda, tumekuachia. Yeye akasema bismillahi. Wakakisukuma kitanda wakaondoka naye.

Mguu ulikatwa juu ya goti, na Yoeli akaishi. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Hospitali walitupa umefungwa vizuri, tukauzika nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta wa jirani. Kuchimba kaburi ni kazi ya watani, na Mikumi sina watani, basi Shija akajitia utani akachukua jembe. Kishimo chenyewe kilikuwa kifupi. Akasema, "Mguu huu mjanja, umetangulia kushika nafasi kabla watu hawajajaa." Hakuna aliyecheka isipokuwa Mwanaidi, na kicheko chake kiligeuka katikati kikawa kilio, tukamwacha alie mpaka amalize.

Nilikaa mpaka Yoeli alipoweza kuketi nje kwa magongo. Alikuwa anatazama malori. Kuna dereva alimwita, "Fundi, njoo uone tairi," kisha akamwona vizuri akaomba radhi. Yoeli akamwambia alilete tairi lenyewe, mikono bado ipo.

Kurudi nilipita Morogoro, barabara zote zilikuwa zimefunguka. Asubuhi tulikatiza mbugani. Twiga walikuwa wamesimama karibu na lami na abiria wote wakainuka kutoa simu zao. Mimi nilitazama miguu ya twiga, ile miguu mirefu, nikafumba macho mpaka tulipotoka hifadhini. Dumila Salome alinipa nyanya za njiani. Hakuniuliza. Habari ilikuwa imeshafika.

Jumapili baada ya ibada, Mamboya. Niliwaita watu wa ukoo nyumbani kwangu. Walikuja wote walio karibu, na mjomba Danieli akaletwa na wajukuu, maana haoni vizuri tena. Nikawaeleza niliyoyaona: utando wa samaki, paja la Masanja, mfupa wa unga ambao bado haujafika. Nikasema dawa hizi zinakuja, moja baada ya nyingine, na kila moja ina saa yake, haingoji mto upungue. Watoto wetu wako mbali. Nataka niwaruhusu leo, wangali wazima, kila mmoja kwa jina lake, ili siku ya ugonjwa aseme ndiyo mwenyewe, au aliye karibu naye aseme.

Mjomba Danieli alikataa. "Ruhusa haitangulii ugonjwa. Unayaita magonjwa uyaonyeshe njia."

"Ugonjwa ulijua njia ya Mikumi bila kuitwa, mjomba. Asiyejua njia nilikuwa mimi na unga wangu."

"Na ukoo utabaki na nini, kama kila mtu anajiruhusu?"

"Utabaki na watu wenye miguu."

Nikaanza. Nilimtaja Yoeli kwanza, ingawa kwake haisaidii tena, na Mwanaidi nikamtaja pamoja naye. Nikamtaja Joyce aliye Dodoma, Elia wa Kimara, Tabea aliyeolewa Ifakara na wanawe Raheli na Benja, Loti na pacha wake, Yakobo anayehamahama asiye na anwani. Nilitaja nyumba kwa nyumba, tumbo kwa tumbo, sikumruka mtu. Mbuzi wakarudi zizini nikiwa bado nataja. Nilipofika mwisho nikajitaja mimi, nikasema asingojewe mtu kwa ajili yangu.

Watu wakaanza kuinuka. Mjomba Danieli akabaki ameketi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Umemsahau mmoja," akasema.

"Sijamsahau mtu, mjomba."

"Joyce ana mimba."

"Huyo hana jina bado. Nitamtajaje?"

Akatafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaushika. "Mruhusu hivyo hivyo," akasema.

Nikamruhusu.